Jicho la Mashine

Kwenye mlango wa choo cha wafanyakazi lilining'inia daftari la kurasa mia mbili, pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isiibwe. Kila aliyeingia aliandika jina lake na dakika aliyoingia. Alipotoka akaandika dakika aliyotoka. Asubuhi hiyo Meneja alikuwa amelitungua daftari lenyewe na kulikumbatia kifuani kama mtu anayejiandaa kuongoza sala. Mbele yake, watu ishirini na wawili wa kiwanda cha uchapaji walisimama nusu duara.

"Dakika nane," alisoma kwa sauti ya upole. "Halafu sita. Halafu nane tena. Yote hayo siku moja, jamani. Mwenzetu amefungua ofisi huko ndani?"

Wachache walicheka, kicheko kile kinachoanzia puani na kuishia hapo hapo. Aliyekuwa anasomwa ni Dada wa Gundi, msichana aliyekuwa akibandika majalada ya vitabu, mwenye mimba ya miezi sita. Alikuwa amekunja mikono chini ya tumbo kana kwamba amebeba kitu alichoazimwa. Meneja alimsubiri huku akitabasamu. Hakuwahi kupaza sauti, hakuwahi kutukana. Alitabasamu tu na kusubiri, na wafanyakazi walikwisha kujifunza kwamba kusubiri kwake kulikuwa kubaya kuliko tusi.

"Naomba radhi," alisema Dada wa Gundi hatimaye.

"Kwa nani?"

"Kwa familia."

"Ahsante. Sisi hapa ni familia. Kwenye familia tunaambizana ukweli."

Msomaji wa prufu alikuwa amesimama mwisho wa mstari, macho sakafuni. Kazi yake ilikuwa kusoma kila ukurasa kabla haujaingia mtamboni na kuwinda makosa kwa kalamu nyekundu. Kwa sababu hakuna mkato wala nukta iliyompita salama, wenzake walimbatiza Bi Koma, na walipenda kutaniana kwamba mwanamke mwenye jina la kuwakomesha watu hajawahi kumkomesha hata mbu. Utani huo haukumuudhi. Katika mwaka mmoja na miezi minne ya utawala wa Meneja huyu, jina lake halikuwahi kusomwa mbele ya nusu duara hata mara moja, na jambo hilo alilionea fahari ya siri. Alikuwa amejifunza kunywa maji kidogo. Alikuwa amejifunza kupita kwenye korido bila viatu vyake kusikika. Mtu akilia chooni, yeye alirudi mezani kwake, akainama, akaendelea na mistari yake.

Nyumbani aliishi na mama mkwe wake. Mwana wa mmoja na mume wa mwingine alikuwa ameshafariki, nao wakabaki wawili, kila mmoja akidai anamtunza mwenzake. Bibi huyo alikuwa amefanya kazi ya kuunganisha simu maisha yake yote, na hadi leo aliongea kama mtu anayechelea laini kukatika.

"Leo wamemla nani?" aliuliza jioni hiyo, hata mkoba haujatua.

"Yule binti wa gundi."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Ningefanya nini, mama?"

"Mimi nimeuliza tu," alisema bibi, akageukia redio yake.

Ajali ilitokea Jumanne, saa nne kasoro asubuhi.

Mashine ya kukata karatasi ilikuwa na kisu kirefu kama mlango na kizito kiasi cha kupita kwenye rundo la kurasa mia tano kana kwamba hapana kitu. Kwa ajili ya usalama ilitengenezwa ikiwa na vitufe viwili, vilivyotenganishwa ili mkataji avibonye kwa mikono yote miwili pamoja. Asipofanya hivyo, kisu hakishuki. Juu ya hapo ilikuwa na jicho, taa ndogo iliyomulika mbele ya kisu, na mkono ukikatiza mwanga huo mashine husimama papo hapo. Mkataji wake alikuwa mzee wa miaka hamsini na tisa, waliyemwita Mzee Rula kwa kuwa aliweza kukutajia upana wa karatasi kwa kuitazama. Miaka thelathini na moja alikuwa akikata, na vidole vyake kumi alikuwa navyo vyote.

Siku hiyo vikabaki vinane.

Bi Koma hakusikia kelele. Alichosikia ni watu kunyamaza, akatoka kwenda kuona wamenyamazia nini. Mzee Rula alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea mguu wa mashine, mkono wa kulia umezungushiwa aproni iliyokuwa ikibadilika rangi. Hakuwa akilia. Alikuwa akiwaambia waliomzunguka, kwa sauti ya mtu anayetoa maelekezo ya kazi, wazime umeme kwanza ndipo watafute vidole. Fundi mitambo alikuwa amepiga magoti kando yake.

Walipomtoa kumpeleka hospitali, Meneja alishuka ngazi. Alitazama sakafu, akatazama saa.

"Pole sana kwetu sote," alisema. "Pasafishwe. Vitabu vya shule vinatakiwa Ijumaa."

Kufika saa nane mchana mashine ilikuwa inakata tena. Aliyesimama mbele yake alikuwa Dada wa Gundi. Meneja mwenyewe ndiye aliyempanga, kwa maelezo kwamba kazi ya hapo haina kutembea-tembea, itamfaa mtu wa hali yake.

Kesho yake Meneja alikuja mezani kwa Bi Koma na karatasi moja. Aliiweka mbele yake taratibu, kwa mikono miwili, kama anayemkabidhi zawadi.

"Mama yangu, wewe ndiye bingwa wetu wa lugha. Nisafishie hii. Keshokutwa wote tunatia saini, na Jumatatu anakuja mkaguzi wa kazi. Nisingependa mgeni atukute na makosa ya sarufi."

Kichwa cha karatasi kilisema: Maelezo ya Pamoja ya Wafanyakazi. Bi Koma alishika kalamu na kuanza kwa mazoea, kama mkono unavyoanza kukuna kabla akili haijajua kwamba ngozi inawasha. Akaongeza mkato mstari wa kwanza. Mstari wa tatu akatenganisha maneno yaliyoungana. Mstari wa tano ulisema kwamba mkataji, kwa uzembe wake mwenyewe na kinyume cha maelekezo ya uongozi, alizima jicho la mashine na kufunga kitufe cha kushoto kwa mkanda ili amalize kazi mapema.

Kalamu ilisimama.

Aliinuka, akaenda kwenye kabati alimohifadhi rasimu. Huo ulikuwa utaratibu wake tangu kuajiriwa: kila karatasi iliyopita mikononi mwake ilikaa mwaka mzima, isije siku moja akalaumiwa kwa kosa la mwingine. Hakuchukua muda kuipata. Ilikuwa ya wiki tano nyuma, mwandiko wa Meneja, wino wa buluu, saini yake chini. Jicho la mashine ya kukata izimwe na kitufe cha kushoto ifungwe mpaka kazi ya vitabu vya shule itakapoisha. Na juu ya wino wa buluu, kwa wino mwekundu, palikuwa na mkono wake yeye Bi Koma. Izimwe alikuwa ameigeuza lizimwe. Ifungwe alikuwa ameigeuza kifungwe. Pembeni, kwa maandishi madogo nadhifu, aliandika: Sawa, ipigwe chapa.

Alisimama mbele ya kabati, rasimu mkononi. Aliikumbuka siku ile vizuri. Alikumbuka hata alivyoridhika, maana alikerwa sana watu wakiharibu upatanisho wa sarufi. Nakala safi ilibandikwa ukutani kando ya mashine, kila mtu akaisoma, na sasa ukutani palibaki alama nne za gundi tu. Ilikuwa imebanduliwa kabla damu haijakauka. Iliyobaki ni hii. Alikuwa ameinyoosha sentensi ya kukata vidole vya mtu, akaipa ruhusa ya kwenda.

Aliikunja rasimu mara mbili, akaitia ndani ya mkoba.

Siku iliyofuata, Alhamisi, alimkuta Mzee Rula kwenye kiti uani kwake, jua la alasiri likimpiga magotini, mkono wake umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Mkewe alileta stuli, akaleta chai, kisha akakaa palepale, jambo lililomfanya Bi Koma ashindwe kutumia maneno aliyokuwa ameyapanga njiani. Akaitoa karatasi tu na kuikunjua.

Mzee alisoma. Alirudia kusoma.

"Hizi nyekundu ni zako?"

"Ni zangu, mzee."

"Kwa hiyo uliiona kabla yetu."

"Niliiona. Sikuona vidole. Niliona ngeli."

Mzee Rula aliupitisha mkono mzima juu ya ule mgonjwa bila kuugusa. "Na mimi niliisoma ukutani," alisema. "Nikasema, miaka thelathini na moja, nitakuwa mwangalifu. Fundi naye aliisoma, akafunga kitufe huku akiniomba radhi. Tusigombanie lawama, Bi Koma, ipo ya kututosha wote. Ila usije ukaipoteza kazi yako kwa ajili yangu. Vidole havitaota."

"Hebu nyamaza kidogo," alisema mkewe.

Wakamgeukia wote wawili.

"Jana wamemtuma mtu hapa na karatasi," mama huyo aliendelea, akimtazama Bi Koma na si mumewe. "Asaini kwamba ni uzembe wake. Huyu mwanamume hukunja hata shuka kwa kupimia pembe. Nimeishi naye, naujua usumbufu wake. Aitwe mkaidi, sawa. Aitwe bahili wa maneno, sawa. Mzembe, hapana. Hilo jina halitaingia nyumbani kwangu." Akamsogezea mgeni chai. "Nani yuko kwenye mashine sasa?"

Bi Koma alimwambia.

"Yule mwenye mimba?" aliuliza Mzee Rula, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda. "Na jicho?"

"Bado limezimwa."

Mzee alijaribu kuinuka kwenye kiti, akasahau, akauwekea uzito mkono mbovu. Uso ukamvurugika. Mkewe alimrudisha kitini kwa kumshika mabega. Chai ilipoa. Bi Koma alipoaga, hakuna aliyemwambia afanye nini.

Ijumaa asubuhi mkutano ulifanyika kando ya mashine yenyewe. Karatasi ya saini ilikuwa imetandikwa juu ya meza, mistari ishirini na miwili, kila mstari na namba yake. Siku moja kabla Meneja alikuwa ameuliza kama maelezo yako tayari, na Bi Koma akajibu yatakuwa tayari asubuhi. Sasa alimpa bahasha.

"Mnaona?" alisema Meneja, akiifungua. "Huyu ndiye mfano wa kuigwa. Kimya, kazi." Alikohoa kusafisha koo. "Sisi, wafanyakazi wa..."

Aliishia hapo.

Kuanzia mstari wa tano kwenda chini, karatasi ilikuwa imepigwa mstari mwekundu mmoja mnene, na mwisho wa mstari palikuwa na kikia kilichojikunja.

"Hii alama ni ya nini, mama yangu?"

"Ni alama ya kufuta."

"Nilikuomba lugha."

"Lugha yake haina tatizo. Ni uongo."

Bi Koma alishangaa kwamba sauti yake ilikuwa imetoka na haikuvunjika. Meneja alimtazama, akatabasamu, akasubiri. Alisubiri kama alivyozoea. Kimya kilirefuka, kikamfikia kila mtu pale na kumbana, naye Bi Koma akagundua kitu ambacho kwa mwaka mzima na miezi minne hakuna aliyemfundisha: kwamba kile kimya hakikuwa cha Meneja peke yake, hata yeye angeweza kukaa ndani yake. Akakaa. Akasubiri naye.

Aliyeshindwa kwanza ni Meneja.

"Sisi ni familia," alisema, na safari hii neno lilitoka haraka mno.

"Familia yangu haina daftari la choo," alisema Bi Koma.

Kuna mtu alicheka nyuma, kicheko cha kweli, akakizima kwa kikohozi.

"Wewe ndiye uliyeagiza jicho lizimwe," aliendelea Bi Koma. "Uliandika kwa mkono wako, na mimi nikakusahihishia, na wote hapa tuliisoma ukutani. Mzee Rula hakufunga kitu." Akageuka. "Mdogo wangu, toka hapo kwenye mashine. Nakuomba."

Dada wa Gundi alimtazama, akamtazama Meneja. Alirudi nyuma hatua moja, halafu akasimama katikati, hayuko kwa huyu wala kwa yule. Fundi mitambo alikuwa ameinamisha kichwa hadi kidevu kimegusa kifua.

"Asiyesaini," alisema Meneja, "aje ofisini kwangu kuchukua barua. Mama yangu, wewe yako nitakuandikia sasa hivi. Utakaa nyumbani hadi uitwe."

Wakaanza kusaini. Bi Koma alisimama akawaona, mmoja baada ya mwingine, watu aliokula nao mchana miaka mingi, wakiinama mezani na kuinuka bila kumtazama. Wengine walisogea taratibu hadi mlangoni wakajitia wanashughulika. Mwishowe mistari mitano ilibaki mitupu. Fundi alisaini. Dada wa Gundi alisaini, akaikandamiza kalamu hadi ikatoboa karatasi. Bi Koma hakumlaumu. Alikumbuka mgongo wake mwenyewe jinsi ulivyoinama miezi yote ile, ulivyozoea, hata akauita unyenyekevu. Alichukua kikombe chake, na sweta yake, na barua ambayo wino wake ulikuwa haujakauka. Alitoka kupitia korido kuu, na viatu vyake vilisikika.

Jumatatu saa mbili kamili alikuwa nje ya geti. Mlinzi, ambaye kila siku walisalimiana na kuulizana hali za nyumbani, alimwambia kwa aibu kwamba ameambiwa asimruhusu.

"Sitaki kuingia," alisema Bi Koma. "Nasimama tu. Barabara ni ya watu wote."

Mlinzi aliingia kibandani mwake, akarudi na kiti.

Mkaguzi alifika saa tatu na nusu, mwanamke mwembamba mwenye begi lililojaa hadi zipu imegoma kufunga. Bi Koma aliinuka, akajitambulisha, akatoa rasimu mkobani. Mkaguzi aliisomea pale pale barabarani, akiwa ameikinga na upepo kwa mwili wake.

"Alama nyekundu ni za nani?"

"Zangu."

"Basi uliisoma kabla haijabandikwa."

"Ndiyo. Nikarekebisha sarufi, nikairudisha."

Mkaguzi aliinua macho. "Nikiipokea hii, itabidi niandike hivyo. Jina lako na ulichofanya. Unaelewa?"

"Andika," alisema Bi Koma. "Uandike na kwamba sikusema kitu. Kisha waulize wengine mmoja mmoja, mlango ukiwa umefungwa. Wakiwa pamoja wanaogopana."

Mkaguzi aliiweka rasimu katikati ya kitabu kigumu ili isikunjike, akaingia ndani. Bi Koma alimrudishia mlinzi kiti chake.

Mama mkwe alikuwa anachambua mchele mezani alipomwona mkwewe akiingia mchana mweupe.

"Wamekufukuza?"

"Sijui bado, mama. Huenda. Huenda na mimi nikashtakiwa."

Bibi alimwangalia kwa muda, kuanzia kichwani hadi miguuni, kama anayelinganisha sura na sauti aliyoizoea kwenye simu. Kisha akausukuma ungo katikati ya meza.

"Basi kaa tuchambue wote. Huu wote si mchele, nusu ni mawe."

Walichambua. Bibi alimsimulia habari za msimamizi wao mmoja wa enzi za simu, aliyewahesabia pumzi, na jinsi siku moja waunganishaji wote kumi na mmoja walivyochomoa waya kwa wakati mmoja, mji mzima ukawa bubu kwa robo saa. Bi Koma hakuwahi kuisikia hadithi hiyo.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuwahi kurudi mchana."

Saa tisa kasorobo simu yake iliita. Ilikuwa namba ya Dada wa Gundi, na kwanza alisikia pumzi tu, za mtu aliyepanda ngazi au aliyetoka kulia.

"Bi Koma? Mkaguzi aliniita peke yangu. Nimemwambia nilisaini kwa woga, alifute jina langu. Nimemwambia kila kitu."

"Vizuri, mdogo wangu. Kaa chini kwanza."

"Nimekaa. Ngoja nikuambie. Mkaguzi aliagiza jicho liwashwe, na mashine isiguswe bila jicho. Fundi akaliwasha. Alipotoka tu getini, Meneja akashuka, akasema lizimwe." Sauti yake ilishuka ikawa karibu ya kunong'ona. "Fundi akaweka spana chini. Akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. Hakusema neno. Wa wino wakazima ya kwao. Wa kufunga vitabu wakazima. Meneja amesimama hapo katikati, anatabasamu, anasubiri."

"Tangu saa ngapi?"

"Saa nane. Ngoja, sikiliza."

Bi Koma aliibana simu sikioni. Bibi aliacha kuchambua, akasogeza kichwa karibu, sikio la kazi ya maisha yake yote likitafuta laini. Wakasikiliza wote wawili. Mahali fulani ndani ya jengo lile mtu alikohoa. Kiti kilikwaruza sakafu. Baada ya hapo hapakuwa na kitu: hakuna mtambo, hakuna kisu, hakuna sauti ya upole inayosoma jina la mtu.

"Unasikia?" aliuliza Dada wa Gundi.

"Sisikii kitu."

"Ndiyo hiyo."

Hakuna aliyekata simu.